Mtumiaji wa kawaida nyumbani: faiba ya nini wakati rauta ya laini ipo?

Kobe Mwendapole
Wadau, mkataba wangu wa intaneti ya nyumbani unaisha mwezi ujao, na kila anayenipigia simu ananisukumia faiba, intaneti ya uzi wa kioo unaopitisha mwanga, ya Mbps 100 (Mbps ni kipimo cha kasi). Msimamo wangu nauweka wazi: kwa mtumiaji wa kawaida faiba ni anasa. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa picha ya 1080p (HD) na 15 kwa 4K, iliyo safi zaidi. Simu ya video moja haifiki hata Mbps 5. Nyumba inayosoma habari, kuchati na kutazama tamthilia jioni itazifanyia nini zile zinazobaki? Rauta ya laini ya simu unaichomeka ukutani, imeanza kazi, ukihama unaibeba. Faiba usubiri fundi, atoboe ukuta, kisha ufungwe mwaka mzima. Mama wa nyumbani Mbps 100 za nini?

Fundi Nyaya
Hesabu ya Netflix umeipata, mkuu, ila umeusahau mnara wa simu unaoilisha rauta ya laini. Faiba nayo inagawanywa, asiwadanganye mtu: kwenye mfumo wa GPON uzi mmoja unashusha, yaani unaleta majumbani, takriban Gbps 2.5 (Mbps 2,500), na mara nyingi unahudumia nyumba 32 au 64. Lakini idadi hiyo inapangwa mapema, na nyumba hazihamihami. Mnara haujui usiku wa leo utakuwa na wangapi. Alasiri mko wachache, inapaa. Saa tatu usiku watu wamerudi makwao, kila mmoja na simu mkononi, na kasi ile ile mnagombea. Ukipima alasiri ukasaini jioni, umejipima mwenyewe vibaya.

Mama Wawili
Nimesoma mpaka "mama wa nyumbani" nikaishia hapo. Ndugu Kobe, huyo mama ni mimi. Asubuhi nafundisha ushonaji kwa video, wanafunzi kumi na mmoja, kamera juu ya cherehani. Mchana napandisha masomo niliyorekodi. Faili moja GB 4. Rauta ya laini niliyokuwa nayo ilishusha vizuri sana, hata mimi niliisifia, lakini kupandisha, yaani kutuma, ilikuwa Mbps 2. Gawanya mwenyewe: zaidi ya saa nne kwa faili moja, na muda wote huo mtoto hawezi kuingia darasani kwake maana simu ya video nayo inapandisha. Nusu mwaka nilikuwa naambiwa "mwalimu umeganda". Kwa hiyo usiniulize za nini.

Kobe Mwendapole
Dada, wewe sikukukusudia. Anayefundisha kwa video ni mfanyabiashara, si mtumiaji wa kawaida. Nilisema kawaida.

Mlinzi wa Bando
Ina maana mtu akifanya kazi nyumbani anatolewa kwenye ukawaida? Kwangu basi habaki mtu. Mke anafanya mikutano, kijana yuko chuo cha masafa, mimi natuma picha za michoro kwa wateja. Sote ni watu wa kawaida kabisa. Halafu kuna kitu nilisoma, Marekani walishasema chini ya Mbps 25 hiyo si intaneti ya kasi.

Chumvi Kidogo
Hiyo 25 ni ya zamani, mkuu. Ilikuwa 2015, ile tume yao ya mawasiliano, FCC: 25 kushusha na 3 kupandisha. Machi 2024 wakapandisha kipimo kikawa 100 na 20. Iangalieni hiyo 20 ya kupandisha. Imetoka 3 ikaenda 20, karibu mara saba, wakati kushusha kumeongezeka mara nne. Hoja ya Mama Wawili imeandikwa humo.

Kobe Mwendapole
Tume kuweka kipimo si ushahidi kwamba mimi nahitaji. Wanapanga kwa ajili ya miaka ijayo. Mimi napanga ya mwezi ujao.

Mama Wawili
Bado hujanijibu. Umesema mfanyabiashara. Nani amekwambia anayetazama tamthilia ndiye kipimo na anayepika, anayelea na anayefundisha ndio wa pembeni? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe ndiye unayeshusha tu, ukadhani nyumba nzima inashusha tu.

Kobe Mwendapole
Sasa tumetoka kwenye intaneti tumeingia kwenye tabia zangu. Nimetaja mama wa nyumbani kama mfano, ningeweza kutaja mzee mstaafu.

Mzee wa Barazani
Na mzee mstaafu umemkosea vilevile, mwanangu. Nina miaka 71. Wajukuu wangu wako nchi tatu na kila Jumapili tunaonana kwa video, watu tisa kwenye kioo kimoja. Mimi sihitaji kasi kubwa, hapo uko sawa. Nahitaji isikatike. Picha ikiwa na ukungu navumilia. Sauti ikikatika katikati ya sentensi ya mtoto wa miaka minne, harudii. Nilikuwa na rauta ya laini iliyopimwa Mbps 40 na bado sauti ilikatika.

Mchezaji wa Usiku
Mzee umegusa penyewe. Kinachokukata si kasi, ni ucheleweshaji, yaani muda wa ujumbe kwenda na jibu kurudi, unaopanda na kushuka. Kwenye geimu tunauhesabu kwa milisekunde, elfu moja kwenye sekunde. Geimu yenyewe inakula data kidogo mno, lakini ukitoka milisekunde 20 ukaruka hadi 300, umeshapigwa kabla hujaona. Ndiyo maana satelaiti siitaki hata kwa bure.

Chumvi Kidogo
Satelaiti ipi? Unazichanganya. Zile za zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu. Ujumbe upande, ushuke, na jibu lirudi kwa njia ile ile: hata kwa kasi ya mwanga ni karibu nusu sekunde, hakuna fundi wa kulirekebisha hilo. Za Starlink ziko kama kilomita 550 tu. Kule ucheleweshaji ni wa makumi ya milisekunde, na watu wanacheza geimu vizuri. Aliye mbali na waya na mbali na mnara asikatishwe tamaa na habari za satelaiti za enzi hizo.

Mchezaji wa Usiku
Mti mmoja ukifunika anga inakatika. Niliishi nayo miezi minane.

Chumvi Kidogo
Uliifunga chini ya mti, mkuu. Hilo ni kosa la mahali, si la satelaiti.

Mchezaji wa Usiku
Mti haukuwa wangu, nilikuwa mpangaji! Mpangaji hakati mti wala hapandi paa la mwenye nyumba. Mnaongea kama kila mtu ana paa lake.

Mlinzi wa Bando
Hapo kwa mpangaji nasimama na Kobe. Kutoboa ukuta kunahitaji ruhusa, na mkataba wa mwaka kwa mtu asiyejua kama mwezi wa sita atakuwepo ni mzigo. Ila Kobe, hujagusa bando. Hiyo rauta yako ya laini imeandikwa "bila kikomo"? Soma maandishi madogo. Nyingi zina kiwango cha GB, ukikipita kasi inashushwa mpaka mwisho wa mwezi. Netflix ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa, 4K hadi GB 7. Tamthilia saa tatu kila usiku kwa HD ni karibu GB 270 kwa mwezi, kabla mtu mwingine hajagusa kitu. Faiba nazo baadhi zina kiwango hicho, ziulizwe vilevile.

Fundi Nyaya
Niwaambie ninachokiona kila wiki. Naitwa, "faiba yenu mbovu". Nafika, rauta iko ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya kioo, na anayelalamika yuko chumba cha mwisho, kuta tatu katikati. Natoa waya nachomeka kompyuta moja kwa moja: kasi yote ipo. Mawimbi ya WiFi ya 5 GHz yana kasi lakini kuta zinayamaliza, ya 2.4 GHz yanafika mbali ila ni ya polepole na yanabanana na ya majirani. Watu wanabadilisha kampuni kwa tatizo la kabati. Kobe, kabla hujasaini chochote, chomeka waya upime saa nane mchana, upime tena saa tatu usiku. Andika kushusha, kupandisha, na ucheleweshaji.

Mzee wa Barazani
Yangu iko kabatini. Naitoa leo.

Kobe Mwendapole
Nimefanya kama alivyosema Fundi, kwa waya, siku mbili. Mchana: kushusha 46, kupandisha 11. Saa tatu usiku: kushusha 9, kupandisha 0.8, ucheleweshaji umepanda hadi milisekunde 190. Hiyo 9 kwangu ingetosha tamthilia. Nilipokuwa napima usiku binti yangu akatoka chumbani akauliza nani amegusa mtandao, maana alikuwa anatuma kazi ya shule. Nikamuuliza huwa inachukua muda gani. Akasema yeye huamka saa kumi alfajiri kutuma, tangu muhula uanze. Sikujua.

Dada Mama Wawili, ule mfano nimeuondoa.

Mama Wawili
Nimepokea. Binti alale. Fundi, swali langu sasa: nikihamishia rauta katikati ya nyumba, ule uzi wa faiba unaweza kukunjwa kwenye kona ya mlango au utavunjika?

Fundi Nyaya
Usiukunje kwa pembe kali, mwanga unapotea njiani. Uache uzi na kile kisanduku chake pale pale kilipo, kisha vuta waya wa kawaida wa mtandao kutoka hapo hadi kwenye rauta. Huo unafika mita 100 bila tatizo.