Miwani ya uhalisia pepe au nauli ya kwenda mitaani?

Mleta mada, Kisauni
Wadau, jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima. Chuo kimoja hapa Mombasa, jina nalihifadhi, kinataka kununua miwani kumi za uhalisia pepe kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii. Ukiivaa unajiona umo ndani ya nyumba, mbele yako mama na mtoto waliotengenezwa na kompyuta, nawe unawahoji kama afisa wa watoto. Sawa. Lakini pesa zinatoka fungu lile lile la nauli za mafunzo ya nje! Miwani moja tuiweke shilingi 30,000, kwa hiyo tunazungumzia laki tatu. Tuseme mwanafunzi atumie 200 kwenda na kurudi: hizo ni safari 1,500 za mtaani, na anayevuka Likoni kwa miguu hata feri halipi. Mimi napinga. Nyumba ya ndani ya miwani haina harufu, haina jirani wa kuchungulia, wala bibi wa kukuuliza "wewe mtoto wa nani?" Haya, nishawishini.

Mwanafunzi, Likoni
Kaka, nitakushawishi kwa aibu yangu mwenyewe. Ziara yangu ya kwanza nikiwa atachimenti, yale mafunzo ya nje, nilimuuliza mama, na mwanawe wa miaka saba amekaa pale pale, "Nani humpiga huyu?" Yule mtoto akaanza kusukuma ndara zake uvunguni kwa kidole cha mguu. Moja. Halafu ya pili. Hakuinua uso tena. Mama akasema alianguka. Nikatoka fomu imejaa na sina nilichopata. Kosa nilifanya mimi, aliyelilipia ni yeye. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, kisha sisi tunajifunzia kinyozi kwenye kichwa chake? Marubani wameanza kufundishwa kwenye mashine za kuigiza urukaji tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna anayewauliza kwa nini hawakuanza na abiria.

Mleta mada
Hapo umenishika, dada, sikatai. Ila rubani anajifunza vyombo, na vyombo vya ndege ni vile vile akiruka Mombasa au London. Nyumba ya Majengo si nyumba ya London. Kama kisa kimetungwa ughaibuni utabonyeza kengele, mama atafungua, mtakaa wawili sebuleni mzungumze. Hapa hiyo kengele iko wapi? Na hao wawili peke yao umewapata wapi?

Mwalimu, Tudor
Nafundisha somo hili, niseme mawili matatu. Uzuri wake mkubwa ni marudio: ukimaliza unaonyeshwa swali lipi uliliwahisha, na kama uso wako ulielekea kwa mtoto au kwenye fomu. Ukitaka unarudia mara tano, na hakuna aliyeumia. Ubaya ni kizunguzungu. Jicho linaona unatembea, sikio la ndani linasema umekaa kitini, na wengine hutapika. Sembuse miwani iliyotoka usoni kwa mwenzako mwezi wa Machi, lile povu lake limelowa jasho... tuyaache. Mimi nakubali, kwa sharti visa viandikwe hapa hapa.

Mwigizaji, Bamburi
Na sisi je? Mtulipe posho, mama wawili na kijana mmoja, tuwaigizie hiyo familia darasani. Hatuhitaji chaji.

Bi mstaafu, Majengo
Wanangu, nimeifanya kazi hii mpaka nikastaafu, na neno la maana sikulipata ndani ya nyumba hata siku moja. Nyumba ya Kiswahili vyumba vinatazamana, ukumbi katikati. Ukinong'ona chumba cha mbele unajibiwa cha nyuma. Kwa hiyo nilikuwa nasalimu wote, nakunywa chai, nauliza habari za shule, naaga. Nikifika mlangoni ndipo nasema, "Mwanangu, nisindikize, njia siijui vyema." Siri zote nilizipata kati ya mlango na steji ya matatu. Mama mmoja alinyamaza mpaka tukafika kwa muuza mihogo. Akasimama kama anayechagua, akajifunga leso upya, akasema, "Si babake. Ni mjomba." Akanunua mihogo ya shilingi ishirini, akarudi zake. Miwani yenu inajua kusindikiza?

Mleta mada
Shikamoo, Bi. Haijui, na haitajua mpaka mtu aketi na wewe aandike. Basi nalegeza kamba kidogo: zinunuliwe tatu, si kumi, nauli isiguswe, na Bi alipwe kama anavyolipwa fundi wa kompyuta. Tena alipwe kwanza, ndipo miwani zinunuliwe.

Mwalimu, Tudor
Kwa hilo la malipo, uhasibu watakuuliza cheti chake cha kompyuta. Nawajua.

Mwanafunzi, Likoni
Bi, na akikataa kukusindikiza?

Bi mstaafu, Majengo
Marahaba, wote. Akikataa, mwavuli wangu nimeshausahau nyuma ya mlango. Kesho nitapiga hodi kuufuata.