Tupeane uzoefu: "run" ya Kiingereza ilikuingiza mkenge wapi?

Wadau, naanza mimi. Mwaka wangu wa pili kama msaidizi wa mwongoza watalii, Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame. Tumelala kambi ya Barranco. Alfajiri, baridi inakata masikio, mama mmoja Mwingereza anatoka hemani kajikunja, ananiambia: "I've got the runs."

Sasa mimi ni mtoto wa Moshi, Kilimanjaro Marathon naiona kila mwaka; "run" kwangu ni mbio, basi. Nikampa hongera, ila nikamwambia huku juu hewa ni nyepesi, mbio aache, twende pole pole. Akanitazama. Kisha akakimbia kweli, kuelekea chooni, karatasi mkononi. Wagumu, yaani wapagazi, walishaelewa zamani, wanacheka nyuma ya hema la jiko. Aliyemkorogea ORS ni mkuu wangu. Mimi nilibeba begi lake hadi Karanga bila kumtazama usoni.

Haya, nani mwingine?

Dereva, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro):
Mgeni kanitumia meseji "running late". Nikajua yuko mbio anakuja. Nikasimama pale mlangoni na kibao cha jina lake nimekiinua juu, dakika arobaini, kumbe anasema anachelewa. Mkono ulikufa ganzi.

Dada wa Njiro:
Kwenye mkutano Mmarekani alininong'oneza, "You have a run." Nikafungua shajara haraka kuangalia nimepangiwa safari gani. Kumbe stokingi imefumuka mstari mzima, goti hadi kisigino! Bosi wangu Mwingereza akasema kwao hiyo ni "ladder", yaani ngazi. Ngazi afadhali, inafanana.

Mwalimu, Majengo:
Msijilaumu. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford waliihesabia "run", kama kitenzi tu, maana 645. Katika toleo la 1989 bingwa alikuwa "set", kwenye 430 hivi. Saa, injini, basi la abiria, programu ya kompyuta, vyote kwao "vina-run". Kidato cha kwanza nawafundisha tano, nyingine watakutana nazo mlimani.

Mdau wa Kibosho:
Mleta mada, bibi yangu hajui Kiingereza na angekuelewesha palepale. Gari unaendesha. Duka unaendesha. Na tumbo likichafuka je, linafanyaje?

Mleta mada:
Duh. Linaendesha.