Chakula cha anasa chenye afya: tukitangaze kwa utamu wake au tukifiche?

Mleta mada

Wadau, naweka hoja mezani nikiwa tayari na msimamo, na anayeupinga namkaribisha aupinge kwa hoja. Chakula chenye ladha ya anasa ambacho bado kinaujenga mwili kipo, tena kingi. Tunachofanya ni kukiharibia jina kwa njia mbili. Kwanza tunakibandika neno "afya" usoni, mlaji anakikimbia kabla hajaonja. Pili, tunalitumia neno hilohilo kwa kila kitu kitamu ambacho sukari yake imebadilishwa jina tu.

Tuanze na kosa la kwanza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwenye mgahawa wa chuo. Mboga zilikuwa zilezile na zilipikwa vilevile, lakini siku kwa siku zilipewa majina tofauti. Kuna siku zilitajwa kwa jina la kawaida, kuna siku zilisifiwa kwa faida zake mwilini, kuna siku zilitangazwa kuwa zimepunguzwa mafuta au sukari, na kuna siku zilielezwa kwa maneno ya kumtoa mtu mate. Siku za maneno matamu, waliozichukua waliwazidi wa siku za jina la kawaida kwa asilimia 25, na waliwazidi wa siku za "zimepunguzwa" kwa asilimia 41. Sufuriani hapakuwa na tofauti yoyote.

Kuna jaribio jingine la mwaka 2011, la mtafiti wa saikolojia Alia Crum na wenzake. Watu 46 walinywa kinywaji kizito cha maziwa chenye kalori 380. Safari moja waliambiwa ni cha anasa, kina kalori 620, na safari nyingine wakaambiwa ni cha kujizuia, kina 140. Walipoamini kuwa ni cha anasa, ghrelini, yaani homoni inayochochea njaa, ilishuka damuni kwa kasi zaidi. Jaribio ni dogo, silikuzi. Lakini kama tumbo nalo husikiliza jina la chakula, basi kumtangazia mtu kwamba anakula kwa kujinyima ni kumwandaa ainuke mezani na njaa.

Sasa utamu wenyewe unatoka wapi? Hapa ndipo ninapopapenda. Tukisema chakula ni cha anasa, mara nyingi tunamaanisha ulaini unaoteleza mdomoni, harufu ya kitu kilichokaangwa au kuokwa hadi kikawa na rangi ya kahawia, utamu, na ule ukolezi wa mchuzi ambao Kikunae Ikeda wa Japani aliueleza mwaka 1908 alipogundua kuwa unatokana na glutamati, kemikali ya asili iliyomo kwenye vyakula vingi. Malai, siagi na sukari havina hatimiliki ya hata kimoja kati ya hivyo. Parachichi ni mafuta kwa asilimia kama 15, mengi yakiwa ya jamii ileile inayotawala kwenye mafuta ya zeituni. Lisage na kakao isiyo na sukari, tende mbili na chumvi kidogo, utapata kitu kizito ambacho kijiko kinasimama ndani yake. Ndizi iliyoiva hadi ganda likapata madoa, ikagandishwa na kusagwa, hutoka laini kama aiskrimu bila tone la malai. Koliflawa ikichemshwa hadi ilegee, ikasagwa na kitunguu saumu na jibini kali kidogo, inakuwa mchuzi mweupe mzito. Nyanya zilizookwa polepole na uyoga uliokaangwa hadi ukauke maji zina glutamati ya kutosha kuipa adesi uzito ambao watu hudhani unapatikana kwenye nyama peke yake.

Kiazi kitamu nacho kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari aina ya maltosi wakati joto linapanda taratibu. Kioke kwa saa nzima na kitakuwa kitamu kuliko mwenzake aliyeivishwa haraka kwenye maikrowevu, kwa sababu huyo wa maikrowevu kimeng'enya chake kinauawa na joto kabla hakijamaliza kazi. Hakuna aliyeongeza sukari hapo. Ni muda tu.

Kosa la pili linanikera zaidi. Keki inatolewa sukari, inatiwa nusu kikombe cha asali, halafu inaitwa ya afya. Nusu kikombe cha asali kina karibu gramu 140 za sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2015 unataka sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na unasema ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Asali imo kwenye hesabu hiyo, na sharubati na juisi ya matunda zimo pia. Kilichoachwa nje ni sukari iliyo ndani ya tunda zima na ndani ya maziwa. Na mafuta ya nazi yanayowekwa badala ya siagi kana kwamba ni dawa, zaidi ya asilimia 80 ni mafuta yale yanayoganda, ambayo WHO inataka tuyapunguze. Siagi haifiki huko.

Kwa hiyo: jina la utamu mbele, na ukweli wa kilichomo usiguswe. Karibuni.

Mpenda keki

Mkuu, umepanga vizuri lakini mimi nakupinga tangu mwanzo. Chukua keki ya maharagwe meusi, ile inayopikwa kwa maharagwe yaliyosagwa badala ya unga na kuitwa ya afya: si keki. Nimeila, inashikamana mdomoni, na kakao yote iliyomwagwa humo ni ya kuzima harufu ya maharagwe. Hamu yangu ya keki haikuondoka, ilisubiri. Baada ya vipande vitatu vya "afya" nikaenda kula na keki yenyewe. Hesabu kalori hapo.

Na hili si langu peke yangu. Watafiti wameshaona kwamba biskuti zilezile zikielezwa kuwa zina afya, watu hula nyingi zaidi. Neno hilo ni ruhusa. Mtu anayejua kwamba anakula keki ya siagi na sukari anakata kipande kimoja, anakaa, anakila kwa heshima, basi. Chakula cha anasa kina mipaka kwa sababu tunajua ni anasa. Mkiifuta hiyo mipaka mtakuwa mmewapa watu nini?

Mama wa watatu

Ninyi mnaongea kama kila mlaji ni mtu mzima mwenye akili zake. Mimi nina watoto watatu na wa katikati hali kitu cha kijani. Nasaga karoti, boga na koliflawa, natia kwenye mchuzi wa nyanya, naweka jibini juu, sahani inarudi nyeupe. Funika kombe mwanaharamu apite. Sioni kosa langu liko wapi.

Utafiti pia unanibeba. Mwaka 2011 kundi la Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania liliwapa watoto wadogo vyakula vilivyofichwa mboga zilizosagwa. Ulaji wao wa mboga ulikaribia kuongezeka maradufu na kalori za siku zikapungua kwa asilimia 12, na vyakula hivyo waliendelea kuvipenda. Anayeniambia niache aje yeye anilishie huyu wa katikati.

Mleta mada

Dada, sikuambii uache mchuzi. Utafiti huo naufahamu, na ndani yake kuna jambo ambalo watu hulipita. Watoto wale waliwekewa pia mboga zinazoonekana kando ya sahani, na kula kwao mboga hizo hakukupungua. Maana yake huhitaji kuchagua kati ya mboga ya kufichwa na mboga ya wazi. Mtoto anayekataa chakula kipya huweza kuhitaji kukutana nacho mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali, na kukutana huko kunamtaka akione, akiguse, akitambue. Boga lililoyeyuka kwenye mchuzi linamlisha leo. Halimfundishi kulipenda boga. Ninachoogopa ni mtoto anayefika miaka kumi akiamini kwamba mboga hajawahi kuila, na kwamba haipendi.

Mpenda keki, kwa maharagwe nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Chakula kinachoiga kingine na kushindwa kinawakatisha tamaa watu wengi. Lakini kosa ni la jina. Ukiniahidi keki, ulimi wangu unasubiri keki, na chochote pungufu ya hapo ni udanganyifu. Parachichi na kakao halihitaji kuitwa keki ya mtu yeyote. Maji yaliyochemshiwa dengu, ambayo Mfaransa Joël Roessel alionyesha mwaka 2014 kwamba yanapigika yakaumuka kama ute wa yai, ni kitu cha ajabu kwa haki yake yenyewe. Kuhusu ruhusa ya kula zaidi, hilo linaunga mkono upande wangu: ruhusa inatoka kwenye neno "afya", na ndilo neno ninalotaka litoke usoni.

Muuguzi

Nimesoma yote na kuna swali halijaulizwa. Afya ya nani?

Mmetaja parachichi, ndizi, nyanya, adesi, viazi vitamu, maharagwe. Kwa mtu wa figo zilizochoka, ambaye ameambiwa apunguze potasiamu, orodha hiyo karibu yote ni ya tahadhari. Anayetumia warfarini kuzuia damu isigande anatakiwa kula mboga za majani kwa kiwango kisichopandapanda, kwa sababu vitamini K iliyomo huathiri dawa. Sasa mpe huyo kinywaji kitamu cha matunda kilichofichwa mafungu mawili ya spinachi, kila asubuhi, bila kumwambia. Mwenye kisukari anayechoma insulini anahesabu wanga. Unga wa lozi na siagi ya karanga vinapendwa sana kwenye mapishi haya ya siri, na kuna watu ambao kiasi kidogo tu cha karanga kinawaziba pumzi.

Mama wa watatu, kwa watoto wako unajua nani ana mzio wa nini. Mgeni wa watoto wako humjui. Ninakuheshimu kwa kazi unayofanya, lakini kombe likifunikwa mbele ya mgonjwa, anayeumia si mwanaharamu.

Na upande wa pili niuseme pia, maana mimi niko na wagonjwa. Mzee aliyepoteza hamu ya kula baada ya kuugua hanisumbui kwa kula anasa. Ananisumbua kwa kuacha sahani. Kwake mtindi mzito wenye matunda na lozi zilizosagwa ni baraka, kalori na protini kwenye vijiko vichache, na ukimwambia ni chakula cha wagonjwa hakiweki mdomoni. Kwa hilo la jina, Mleta mada namuunga mkono.

Msomaji wa saikolojia

Nichangie kidogo tu. Imani kwamba kitamu lazima kiwe kibaya haikuzaliwa nasi. Mwaka 2006 mtafiti Raghunathan na wenzake walionyesha, huko Marekani, kwamba watu walioelezwa kuwa chakula hakina afya walikipata kitamu zaidi, hata wale waliokana kuwa na imani hiyo. Lakini mtafiti Werle na wenzake walipopima Ufaransa mwaka 2013 walikuta mambo yamegeuka: huko, chakula kilichoelezwa kuwa na afya ndicho kilichoonekana kitamu. Hili ni jambo tunalofundishana. Mnapowaambia watoto "maliza mboga ndipo upewe kitu kitamu", mnawapa somo hilo kila siku.

Mama wa watatu

Hilo la mwisho nalifanya, na nitaliacha. Mchuzi siachi. Muuguzi, wageni wa watoto nitawauliza wazazi wao kabla, umesema kweli. Ila Mleta mada, mara 8 hadi 15 ni chakula kinachotupwa. Nani analipa?

Mleta mada

Ni swali la haki, dada. Kuonja si sahani nzima. Kipande cha ukubwa wa kidole kando ya chakula anachokipenda kinatosha, na akikiacha, akile mwingine. Pia unaweza kumpa boga lilelile la kwenye mchuzi, ila vipande vichache uviache bila kusaga, uvioke hadi kingo ziwe kahawia. Huko ndiko utamu wa boga uliko.

Muuguzi, hoja yako naibeba nzima, na inaifanya yangu iwe wazi zaidi. Kila anayepikia watu asiowajua, awe mgahawa, shule au wodi, aandike mistari miwili. Wa juu uwe wa ladha, kwa maneno ya kutia hamu. Wa chini utaje kila kilichomo, pamoja na karanga, lozi, maziwa na chochote kilichosagwa kikapotea. Asiyejali ataishia wa juu. Mwenye figo, mzio au insulini ataujua wa chini kabla hajashika kijiko.

Mpenda keki

Mistari miwili naikubali kwa sharti moja. Huo wa chini utaje sukari huru kwa gramu, kwa fungu moja, na asali ihesabiwe humo. Tena fungu liwe lile mtu anakula kweli. Wenye keki ya asali wakikubali kuandika namba hiyo, mimi na maharagwe yenu tutakuwa hatuna ugomvi.