Wikiendi ya Oktoba Iringa: Ruaha siku moja, au Isimila na Kalenga?

Dodoma_Makulu
Wakuu, salaam. Tunakuja Iringa wikiendi ya mwisho wa Oktoba, watu wazima wanne na mtoto wa miaka 7, kwa gari dogo. Tunaingia Ijumaa jioni, Jumapili baada ya chakula cha mchana tunaanza kurudi. Tunapima mambo matatu: Hifadhi ya Ruaha kwenda na kurudi Jumamosi, kubaki karibu na mji (korongo la Isimila lenye zana za mawe za kale, makumbusho ya Mkwawa huko Kalenga, mwamba wa Gangilonga), au Mufindi kwenye mashamba ya chai. Mnatushauri lipi?

MwalimuTosa
Karibuni sana. Kwa gari dogo na mtoto, shikeni Isimila na Kalenga.

Isimila ni kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, lami hadi kwenye kibao, kisha vumbi kama kilomita 2. Fikeni saa 2 asubuhi. Ikifika saa 5 jua linapiga korongoni moja kwa moja, mchanga unawaka na mtoto hatamaliza mzunguko. Kila mtu abebe maji lita moja na nusu, kofia, na viatu vya kufunga. Kandambili zinajaa changarawe. Anzieni kwenye makumbusho kabla ya kushuka. Mkishaliona shoka la mawe jinsi lilivyochongwa pande zote mbili, huko chini mtayatambua wenyewe. Mkianza na korongo mtaona kokoto tu. Makadirio ya mwanzo yaliyapa mawe yale miaka 60,000, vipimo vya baadaye vikayarudisha nyuma zaidi ya 200,000. Msiokote hata moja. Nguzo za udongo ziko upande wa pili, na ndizo watoto wanazozipenda. Mvua imeosha udongo laini pembeni, ukabaki ule uliokingwa na tabaka gumu la juu.

Kalenga iko upande mwingine wa mji, kilomita 15 kwa barabara ya Ruaha, kwa hiyo mtapita tena mjini; kuleni hapo. Chumba chenyewe ni kidogo, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa mwaka 1954 limo ndani ya kioo. Wengi hutoka baada ya dakika kumi kwa kuwa hawaulizi. Mwombeni mhudumu awasimulie jinsi ngome yake ilivyoanguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na awaonyeshe ilipokuwa. Mnakuja wiki ileile ya kumbukumbu.

Dereva_wa_Idodi
Mwalimu, kwa Oktoba napingana nawe. Huu ndio mwezi wa Ruaha. Mto Ruaha Mkuu umebaki madimbwi, tembo wanachimba mchanga kupata maji, na simba wanajua wanyama watakuja hapo hapo. Mvua ikishanyesha nyasi zinapanda, maji yanapatikana kila kona, wanyama wanatawanyika. Ukikosa sasa unangoja mwakani.

Ila gari dogo liacheni hotelini. Mtafika getini, lakini ndani kuna mikondo ya mchanga, na gari la chini likinasa kwenye jua lile siku imeisha. Kodini Land Cruiser mjini na mgawane gharama. Kutoka Iringa ni kama kilomita 130 na sehemu kubwa ni vumbi, wekeni saa tatu. Ondokeni saa 10 alfajiri. Mkiondoka saa 1 mtaingia wakati wanyama wanatafuta kivuli. Geuzeni saa 9 alasiri, maana usiku hamruhusiwi kuendesha ndani ya hifadhi.

Nguo nyeusi na za bluu msivae, zinavuta mbung'o. Mbebe vitambulisho, raia ana kiingilio chake. Malipo ni kwa namba ya malipo, si noti mkononi. Maliza Ijumaa mtandao ukiwa mzuri.

BintiMhehe
Saa sita barabarani kwa mtoto wa miaka 7 ni nyingi, mimi niko na Mwalimu. Halafu Oktoba mji wenyewe ni mzuri: mijakaranda inachanua zambarau, na miombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijadondoka. Asubuhi kuna ubaridi, sweta muhimu.

Gangilonga pandeni saa 11 jioni, mnatazama jua likizama upande wa mji. Nendeni kwa kundi, simu mfukoni, na mshuke kabla ya giza, vibaka wapo.

Neema Crafts, karakana na mgahawa wa watu wenye ulemavu, iwe Jumamosi, Jumapili wanafunga. Wahudumu wengi wa mgahawa ni viziwi, mnaandika oda kwenye karatasi.

Vikapu vya milulu: pindua uangalie kitako. Ukiona mwanga unapenya, kimesukwa kwa haraka na kitalegea. Bonyeza ubavu, ukiachia urudi wenyewe. Cha rangi, sugua kwa kitambaa kibichi. Rangi ikitoka itachafua nguo. Ulanzi (pombe ya mianzi) msiusake sana, ule unagemwa wakati wa mvua.

Kihesa76
Mufindi iondoeni. Hadi Mafinga tu ni kilomita 80, kisha vumbi hadi kwenye chai. Inataka kulala huko.

Dodoma_Makulu
Asanteni mno. Tumegawanyika: wawili wanataka Ruaha, waliobaki na mtoto wabaki mjini. Inawezekana?

Dereva_wa_Idodi
Inawezekana vizuri. Wawili watafute wengine wa kujaza gari, gharama ishuke. Kabla ya kutoa hela kagueni: tairi mbili za akiba, jeki inayofanya kazi, madirisha yanayofunga (mbung'o tena), na mafuta yajazwe Iringa. Mkubaliane pia kama bei imejumuisha kiingilio cha gari na dereva, hapo ndipo ugomvi huanzia getini.

Kihesa76
Na Jumapili mkirudi Dodoma kupitia bwawa la Mtera, samaki nunueni mbichi mkiwa na ndoo yenye barafu kutoka Iringa. Bila barafu chukueni wa kukaanga.