Naomba ushauri: nataka kuongeza nguvu ya injini ya Hilux 3.0 D-4D, nianze na nini?

Mkulima wa Njombe

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Nina Toyota Hilux ya mwaka 2012, dabo kebini, gia za mkono, yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV ya lita 3.0, na imeshatembea kilomita 230,000 na ushee. Kazi yake ni kusomba viazi mviringo kutoka shambani hadi Makambako, na mara kwa mara kushusha parachichi Dar es Salaam, kisha kurudi na pembejeo, mabati au saruji, mzigo usiozidi tani 1. Kwenye tambarare sina malalamiko. Shida inaanza kwenye mlima wa Kitonga wakati wa kurudi: nikikanyaga mafuta gari linachelewa kuitika, linatoa moshi mweusi, na mwendo unashuka hadi nalazimika kuyapisha mabasi.

Gereji moja imenishauri nifunge chipu ya kuongeza nguvu na kubadilisha bomba lote la moshi liwe la inchi 3. Rafiki yangu anasema nianze na filta ya hewa ya pamba inayopakwa mafuta, na mwingine anasisitiza niizibe EGR, ile vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Mimi si fundi, na gari hili ndilo linalosomesha watoto, kwa hiyo siwezi kulifanya la majaribio. Naomba mnieleze ni kipi kinachoongeza nguvu kweli na ni kipi kitakachoniulia injini.

Dereva wa Nyanda za Juu

Kaka, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa fedha. Naomba tuanze na mkono wa dereva kabla ya spea. Injini hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na kilowati 126 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 343 ambayo haishuki kuanzia mizunguko 1,400 hadi 3,400. Wengi wakiisoma hiyo 1,400 hudhani kwamba gari litapanda mlima kwenye gia ya nne likinguruma chini kwa chini. Torki ni ileile, lakini nguvu inayopandisha mzigo ni torki ikizidishwa kwa mizunguko: kwenye 1,500 injini inatoa kilowati 54 hivi, na kwenye 3,000 inatoa karibu 108. Gia moja tu inaweza kukupa nyongeza ambayo hakuna chipu itakayoifikia.

Tueleze unapanda Kitonga kwa gia ya ngapi, mshale wa mizunguko unasoma ngapi, na umevaa matairi ya saizi gani.

Fundi wa Dizeli, Mbeya

Moshi mweusi ulioutaja ni ushahidi mzito, na ningependa wanaokushauri kufunga chipu wauelezee kwanza. Dizeli ikitoa moshi mweusi maana yake ni kwamba mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa ya kuyachoma. Chipu kazi yake ni kuongeza mafuta. Ukiifunga kwenye injini ambayo tayari inakosa hewa, utaongeza moshi na joto, na nguvu utakayoipata itakuwa kidogo mno.

Kwa hiyo tafuta kwanza hewa inapotelea wapi. Intakula ya Hilux hii, yaani kipoza-hewa cha turbo (pampu inayosukuma hewa kwenye injini), imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na mipira inayoiunganisha na turbo huchoka kwa joto na mtikisiko. Ufa mara nyingi hukaa chini ya kibanio, na haufunguki gari likiwa linaunguruma tu uwanjani, bali unafunguka turbo inapojaza hewa mlimani. Fungua vibanio, ukunje kila mpira kwa mkono na uangalie palipolowa oili nyeusi. Baada ya hapo fundi azibe mdomo wa kuingizia hewa, ajaze upepo wa kompresa taratibu kwa shinikizo lisilozidi bar 1, na apake maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Povu litakuonyesha palipotoboka. Baada ya mipira, akague mapezi ya turbo, kwa sababu turbo hii ina mapezi yanayojigeuza, na masizi yakiyakamata turbo huchelewa kuamka.

Filta ya pamba nakusihi uiache. Barabara zenu za mashambani ni vumbi tupu kuanzia Juni hadi Novemba, na vumbi laini ndilo linalokwangua silinda. Filta ya karatasi ya kiwandani inalikamata vizuri, ilimradi ibadilishwe kwa wakati. Isitoshe, mafuta yanayopakwa kwenye pamba yakizidi hupeperuka na kutua juu ya sensa ya kupimia hewa, na kompyuta ya injini huanza kupima vibaya.

Sasa jambo ambalo kwa 1KD naliona kubwa kuliko yote. Chini ya kila nozeli inayopuliza mafuta kwenye silinda kuna washa ya shaba, yaani kipete bapa, inayozuia moto wa silinda usipande juu. Ikivuja, gesi na masizi huingia kwenye oili, oili inakuwa nzito, na masizi yanajikusanya kwenye wavu wa kunyonyea oili ulio ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Nimeshashusha sampu ambazo wavu wake umezibwa na tabaka gumu kama lami iliyokauka, limebaki tundu dogo tu la kupitisha oili. Injini ya namna hiyo hutembea vizuri hadi siku inapokwama kwa kukosa oili, na ukiongeza nguvu unaisogeza siku hiyo karibu. Mara baada ya kubadilisha oili, washa gari na uitazame taa ya oili: ikichelewa kuzima, usiendelee na safari, shusha sampu. Washa hizo hazirudishwi zikishafunguliwa. Lazima ziwe mpya, na nozeli zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.

Je, belti ya taiming ilibadilishwa lini?

Mkulima wa Njombe

Nawashukuru sana. Belti ilibadilishwa gari lilipofika kilomita 150,000. Oili nabadilisha kila kilomita 10,000. Kitonga napanda kwa gia ya nne, mshale ukiwa kwenye 1,600 hivi, nikiamini kwamba ninailinda injini na kuokoa mafuta. Matairi ya awali yalikuwa 265/65R17. Niliinua gari kidogo kwa ajili ya tope la shambani na kuweka 285/70R17.

Mhandisi wa Ubungo

Matairi hayo yanahusika moja kwa moja na shida yako. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na la 285/70R17 lina milimita 831. Tofauti ni asilimia 7, maana yake kila gia sasa ni nzito kwa asilimia 7 kuliko alivyokusudia mtengenezaji, mbali na uzito wa tairi lenyewe. Spidi yako nayo inadanganya: ikisoma 80, unakwenda karibu 86. Ukirudisha saizi ya awali, unarudisha msukumo ule kwenye kila gia bila kuigusa injini.

Kuhusu chipu, kuna vitu viwili vinavyouzwa kwa jina hilo. Cha kwanza ni kiboksi kinachochomekwa kati ya sensa ya shinikizo la mafuta na kompyuta ya injini. Kiboksi hicho huiambia kompyuta kwamba shinikizo ni dogo kuliko lilivyo, nayo huliongeza bila kujua kipimo halisi, huku pampu na nozeli zikibeba mzigo huo. Mimi sikipendekezi kwa gari la kazi. Cha pili ni kuandika upya programu ya kompyuta yenyewe, ambapo mtaalamu hupanga mafuta, hewa ya turbo na mipaka ya usalama kwa pamoja. Kikifanywa kwa kiasi, hicho huleta nyongeza ya kweli ya kati ya asilimia 15 na 25.

Nyongeza hiyo ina gharama zake. Klachi ya kiwandani iliyokwisha nusu itaanza kuteleza, na joto la moshi litapanda. Ndiyo maana nasisitiza geji ya joto la moshi ifungwe kabla ya turbo, na ifungwe kabla ya kugusa programu. Mafundi wengi hawapendi joto likae juu ya nyuzi 700 za Selsiasi kwa muda mrefu mlimani, kwa kuwa pistoni ni za aloi ya alumini, na alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Oili na maji ya kupoza huinusuru pistoni isifikie joto la gesi, lakini nafasi iliyobaki si kubwa. Kitonga mtu hukanyaga mafuta kwa dakika nyingi mfululizo, na hapo ndipo gari lililoongezwa mafuta kupita kiasi huharibika.

Dada wa Iringa

Naomba nilitetee kidogo bomba la moshi, ambalo bado hujajibiwa. Kwenye injini ya turbo, kizuizi kinachokaa nyuma ya turbo kinaipunguzia pumzi, na bomba pana lililokunjwa vizuri huifanya turbo iamke mapema na joto lipungue. Mimi ninalo kwenye Hilux yangu na tofauti naiona. Hata hivyo, nakiri kwamba lilileta maana baada ya programu kuandikwa upya. Kwenye injini isiyoguswa nyongeza yake ni ndogo, na fedha hiyo ni bora ununulie nozeli na mipira.

EGR usiizibe. Unapokanyaga mafuta hadi mwisho, vali hiyo huwa imefungwa na kompyuta, kwa hiyo haikunyimi nguvu mlimani. Inachofanya ni kurudisha moshi kwenye hewa injini ikiwa na mzigo mdogo ili kupunguza oksidi za naitrojeni, na moshi huo ukichanganyika na mvuke wa oili hujenga masizi ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Hayo masizi ndiyo yanayobana njia. Manifoldi ifunguliwe, isafishwe nje ya gari, irudishwe na gasketi mpya. Ukiiziba EGR, taa ya injini inaweza kuwaka na utakuwa umeongeza sumu ya hewa pale unapoegesha karibu na watoto wako.

Mkulima wa Njombe

Ndugu zangu, narudi na taarifa. Mpira unaotoka kwenye intakula ulikuwa umechanika chini ya kibanio, kama Fundi alivyosema, na ufa ulikuwa hauonekani hadi mpira ulipokunjwa. Washa za nozeli mbili zilikuwa zinavuja. Wavu wa oili ulikuwa umeanza kuziba upande mmoja, umesafishwa, na oili sasa nitabadilisha kila kilomita 5,000. Manifoldi imesafishwa, na matairi nimerudisha 265/65R17.

Nimepanda Kitonga na saruji, gia ya tatu, mshale ukiwa kati ya 2,400 na 2,800. Moshi mweusi haupo tena, na gari linaitika nikiligusa tu. Sijanunua chipu. Ninachoomba sasa ni mpangilio, iwapo baadaye nitataka kuandika upya programu.

Mhandisi wa Ubungo

Hongera, mkuu. Anza na geji ya joto la moshi na ya shinikizo la turbo, uendeshe nazo kwa safari kadhaa ukiandika zinavyosoma mlimani na mzigo uleule, ili upate kipimo cha kulinganisha. Kisha klachi ikaguliwe, na rejeta isafishwe ndani na nje. Ukifika kwa mtaalamu wa programu, mtake asome faili la awali na akukabidhi nakala kabla hajaandika chochote, na umweleze wazi kwamba gari linabeba tani 1 mlimani, kwa sababu programu ya gari la mjini haikufai. Iarifu pia kampuni yako ya bima kwa maandishi.

Fundi wa Dizeli, Mbeya

Na ile mipira mingine ya intakula iliyobaki, ibadilishe yote sasa. Ina umri uleule na uliochanika.