Wiki sita kabla ya mechi ya kwanza: timu ya wasichana ya chuo ianzie wapi?

KochaTudor
Hamjambo wakuu. Nina kikosi cha wasichana 22 wa chuo hapa Mombasa, na mechi ya kwanza imebakisha wiki sita. Wengi wametoka likizo bila mazoezi yoyote. Uwanja wetu ni udongo mgumu na matumbawe yanachomoza hapa na pale. Tunaupata Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni. Msimu uliopita wawili walichanika kano ya goti, wote bila kuguswa na mtu. Nashauriwa wiki mbili za mwanzo niwapeleke ufuo wa Nyali wakimbie mchangani. Ni sawa? Na wiki hizi sita nizigawe vipi? Wengine wanavaa hijabu, naomba pia kujua sheria ya mavazi kabla hatujaagiza jezi.

MtaalamuViungo
Kocha, tuanze na magoti. Mwanamke anayecheza kandanda yuko kwenye hatari ya kuchanika kano ya mbele ya goti mara mbili hadi tatu kuliko mwanamume. Mara nyingi hutokea anapotua baada ya kuruka, au anapogeuka ghafla goti likiwa limelala ndani. Hilo linafundishika.

Tumia FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili moto na kuzuia majeraha, kila siku ya mazoezi badala ya kuzunguka uwanja. Ni dakika 20: dakika 8 za kukimbia taratibu na kufungua nyonga, dakika 10 za nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, kisha dakika 2 za kasi na kubadili mwelekeo. Siku ya mechi ruka sehemu ya kati. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008, juu ya wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha majeraha kwa jumla yakipungua karibu theluthi.

Zoezi la msuli wa nyuma ya paja ndilo huharibiwa sana. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anainama mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi bega. Wiki ya kwanza mara 3 hadi 5, basi. Ukiwapa 12 Jumatatu, Jumatano hawataweza hata kushuka ngazi.

Kwenye kuruka, simama mbele yao, usisimame kando. Kutoka kando huwezi kuona goti likiingia ndani. Liwe sambamba na kidole cha pili cha mguu, na watue kimya. Anayetua kwa kishindo, mpunguzie urefu wa kuruka kwanza.

KiungoMkabaji
Wiki ya 1 na 2 usitafute kasi. Baada ya hiyo 11+, cheza wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 30 kwa 20, dakika 4 mara nne, mapumziko dakika 3. Wanapata pumzi na mpira kwa pamoja. Wiki ya 3 na 4 ongeza mbio fupi za mita 20 hadi 30, mara sita mpaka nane, wakipumzika vya kutosha kati yake. Mbio za kasi mtu akiwa amechoka ndizo huchana misuli. Mechi za kirafiki zianze wiki ya 3: kila mtu dakika 30, halafu 45, halafu 60 na zaidi. Wiki ya 6 punguza muda wa mazoezi karibu nusu, kasi ibaki ileile.

Pima mzigo kwa daftari. Dakika kama 30 baada ya mazoezi, muulize kila mmoja alivyochoka kati ya 0 na 10, uzidishe kwa dakika. Dakika 75 kwa uchovu wa 6 ni 450. Jumla ya wiki isipande ghafla. Mimi nisingevuka asilimia 15.

MvuviBamburi
Kuhusu ufuo: siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo muda wenu ule hamtapata pa kukimbilia. Maji hupwa asubuhi, mnamo saa nne. Na mchanga mwororo huutesa msuli wa shavu la mguu na kano ya kisigino kwa mtu aliyetoka likizo. Mkienda, tumieni mchanga mbichi uliokaza, dakika 15 hadi 20, nusu mkielekea upande mmoja na nusu mkirudi, maana ufuo una mteremko na mguu mmoja huwa chini.

KochaTudor
Nashukuru sana. Na maji? Jua la saa kumi na nusu bado kali, na unyevu hauishi.

MtaalamuViungo
Wapime uzito kabla na baada, mmoja mmoja, faraghani. Usisome namba mbele ya wenzao kamwe. Aliyepungua zaidi ya asilimia 2 hakunywa vya kutosha. Kila kilo iliyopotea airudishie taratibu kwa lita moja na robo hadi lita moja na nusu. Aliyeongezeka uzito amekunywa kupita kiasi, naye apunguze. Kwa wachezaji 22 beba madumu mawili ya lita 20. Anayeanza kuyumba au kuongea asiyoyajua, mpoze kwanza kwa maji mengi na barafu huku mkiita gari.

Jambo jingine linalosahaulika ni damu. Mchezaji anayechoka mapema kila siku apimwe. Chini ya gramu 12 za hemoglobini (kinachobeba oksijeni kwenye damu) kwa desilita ni upungufu wa damu. Kunde, mchicha, dagaa na maini husaidia, ukikamulia ndimu. Chai isinyweke pamoja na chakula, huzuia madini ya chuma. Isubiri kwa muda wa saa moja. Vidonge vya chuma bila kupimwa, hapana.

RefaKisauni
Hijabu inaruhusiwa, IFAB, chombo kinachotunga sheria za kandanda, iliipitisha 2014. Iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, na wote wanaovaa wafanane. Isishonwe kwenye jezi, isiwe na pini wala ncha inayoning'inia. Fulana ya mikono mirefu ya ndani ifuate rangi ya mikono ya jezi, na suruali ya kubana ifuate rangi ya bukta, timu nzima rangi moja. Agizeni vyote kwa fundi mmoja, rangi zikitofautiana mchezaji atatolewa akabadilishe.

Mpira ni namba 5, gramu 410 hadi 450, upepo angahewa 0.6 hadi 1.1. Kwa udongo mgumu kama wenu, 0.7 inatosha, ukijazwa zaidi unadunda juu ya vichwa. Njumu ziwe za meno mafupi mengi. Meno marefu hayazami kwenye udongo huo na kifundo hupinda. Na kabla ya mazoezi watu wawili wapite na ndoo kuokota matumbawe, hasa mbele ya goli ambapo kipa huanguka.