Mahojiano ya dakika 28 kuhusu mgombea binafsi: msikilizaji asipotee njiani

Mwandaaji_Zamu

Wadau, salaam. Kipindi chetu cha siasa na sheria kwenye redio ya jamii, ukitoa jingo (muziki wa utambulisho) na matangazo, kinabakiwa na dakika 28 za mazungumzo. Wiki ijayo mgeni ni wakili, na mada ni kesi ya mgombea binafsi, yaani mtu anayegombea bila chama, ile iliyofunguliwa na mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila, toka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Afrika, Arusha. Mawakili hupenda kutaja ibara kwa namba, na wasikilizaji wetu wengi wako jikoni au barabarani. Maswali mangapi yanatosha? Twende mubashara au turekodi? Na makosa gani ya ukweli mtangazaji ayawekee jicho?

KifunguKwaKifungu

Mkuu, naanza na swali lako la mwisho, maana huko ndiko vipindi vya namna hii vinakoharibikia.

Mtangazaji awe na karatasi moja yenye miaka minne. 1994: Mahakama Kuu, Dodoma, inakubaliana na Mtikila, na Bunge linabadilisha Katiba mwaka huohuo kuuzima ushindi ule. 2006: Mahakama Kuu inampa tena ushindi. 2010: Mahakama ya Rufani, majaji saba, inaitengua hukumu hiyo. 2013: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inasema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo.

Mtego wa kwanza ni Arusha. Pale kuna mahakama mbili, hii na ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watangazaji huzichanganya kila mara. Mtu akisema "Mahakama ya Afrika Mashariki" hewani, arekebishwe hapohapo.

Mtego wa pili ni ule wa 2010. Utasikia "Mahakama ya Rufani ilimkataa mgombea binafsi". Haikusema kwamba mgombea binafsi hafai. Ilisema suala hilo ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge, na kwamba mahakama haina uwezo wa kufuta ibara ya Katiba. Hapo ndipo utamu wa mada ulipo, kwa hiyo mpe mgeni dakika sita nzima: je, ibara moja ya Katiba inaweza kupingana na nyingine, na nani aamue?

Wa tatu: hukumu ya 2013 haikubadilisha Katiba yenyewe. Ibara ya 39 na ya 67 bado zinamtaka mgombea urais na mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mgeni asipogusa jambo la serikali kuondoa tamko lake, muulize: toka Novemba 2020 mwananchi wa Tanzania hawezi kupeleka kesi mpya moja kwa moja kwenye mahakama ile, kwa sababu serikali iliondoa tamko lililomruhusu.

Swali_Moja_Tu

Maswali manane. Matano ya lazima, matatu ya akiba. Usifungue na "tueleze historia ya kesi hii", utampoteza mgeni dakika tisa na msikilizaji ataenda kuchota maji. Fungua hivi: "Leo hii, mtu asiye na kadi ya chama anaruhusiwa kugombea ubunge?" Jibu ni neno moja, hapana. Kisha: "Nani kasema?" Kuanzia hapo historia inajileta yenyewe.

Usiulize mambo mawili kwa pumzi moja. Mgeni huchagua lile jepesi. Akitaja ibara ya 67, mtangazaji asiitafsiri yeye. Aseme, "inasemaje kwa maneno ya sokoni?" Na jina la mgeni lirudiwe kila dakika saba hivi, kwa sababu redio haina maandishi chini ya picha.

Kama huna mgeni wa pili, hoja ya serikali aibebe mtangazaji. Pale Arusha ilijitetea kwa umoja wa kitaifa na kuepuka ukabila. Mgeni aijibu ikiwa imepangwa vizuri, isiwe imechorwa kama kikaragosi. Mada mtumie mapema, maswali usimtumie. Ukimpa maswali atakuja na majibu ya kusoma.

FundiMitambo

Rekodi. Dakika 40 zinatosha kupata 28. Ukirekodi saa nzima, mhariri atakesha na maana itakatika. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige. Vilele vya sauti visipite desibeli −12, faili iwe WAV (sauti isiyobanwa), na simu ya akiba irekodi mezani ikiwa imezimwa mtandao, la sivyo utasikia "dididi" kwenye waya. Kabla mgeni hajainuka, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, feni ikiwa katika hali ileile. Utazihitaji kuziba sehemu ulizokata na kuunga.

Angalizo la lugha yetu: ukanushi mara nyingi hukaa mwanzoni mwa kitenzi. Ukikata karibu mno na "haikufuta" ile "ha" inamezwa, na kwa hukumu kama hii umeharibu kila kitu. Acha pumzi kidogo kabla yake, kisha sikiliza kwa spika ndogo ya redio ya mkononi, si kwa hedifoni za studio.

Mwandaaji_Zamu

Ahsanteni sana. Na simu za wasikilizaji je, tukiamua mubashara?

Swali_Moja_Tu

Kwa dakika 28, hapana. Pokea ujumbe mfupi mpaka dakika ya 18, mtu mmoja nje ya studio achague miwili na kuinyoosha, usome dakika ya 21. Ujumbe unaotuhumu mtu kwa jina usiingie hewani.

KifunguKwaKifungu

Na mmoja kati ya hiyo miwili uwe wa mtu anayempinga mgeni.